Mkojo wa Geita, makala ya kulipia: barua ya wazi kwa NIMR

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Yah: Ombi la kuongeza mstari mmoja kwenye masharti ya cheti cha utafiti



Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilichopo ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita. Cheo changu ni kidogo na sijawahi kuandika makala ya kisayansi. Watafiti nawapokea. Nawaonyesha njia ya mialoni, nawatafutia mwenyekiti wa kitongoji, nawaazima meza na viti vya kupimia watu. Wanakuja na adabu, wanasainisha fomu za ridhaa, wanachukua mkojo, damu na nywele, wanaaga vizuri. Ninachowaandikia leo kinahusu yanayotokea baada ya gari lao kuondoka.

Utafiti wa afya ya binadamu huku Bara haufanyiki bila kibali cha maadili, na kibali cha kitaifa kinatoka kwenu. Vyeti vyenu nilivyoviona mezani kwa wakubwa zangu vina masharti mafupi na yanayoeleweka. Taarifa ya maendeleo ipelekwe kila baada ya miezi sita Wizarani, kwenu, na kwa Waganga Wakuu wa mkoa na wilaya. Ruhusa ya kuchapisha matokeo itoke kwenu. Nakala za chapisho la mwisho zifike Wizarani na kwenu. Anayekiuka anakumbushwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliyoianzisha taasisi yenu.

Yasome tena masharti hayo ukiwa umekaa upande wetu. Utafiti ukiwa mbichi, wilaya inaletewa taarifa. Ukiiva, wilaya haimo tena kwenye orodha ya wanaopakuliwa. Sidhani kama kuna aliyekusudia iwe hivyo. Karatasi iliandikwa enzi ambazo nakala ilikuwa karatasi kweli, na kuisambaza kulikuwa na gharama.

Naomba sharti la tatu, lile la nakala za chapisho la mwisho, liongezewe mstari. Makala iliyokubaliwa na jarida iwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa, na ukurasa mmoja wa Kiswahili urudi kwenye kituo cha afya na kijiji kilichotoa sampuli. Ombi ni hilo tu. Yanayofuata ni sababu zake, nami nitajikita kwenye figo kwa kuwa ndiko nilikobanwa zaidi.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua mwalo, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, niseme kidogo. Jiwe likitoka duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, linapelekwa karashani linasagwa kuwa unga. Unga unaoshwa, na kile kizito kinachobaki kinachanganywa na zebaki ndani ya karai, kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa, zebaki iliyozidi inarudishwa kwenye chupa, na kitambaani kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, pengine kidogo kuliko kunde. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko au kipande cha bati juu ya jiko la mkaa. Kila aliyepo anainama kukitazama, kwa sababu hapo ndipo panapojulikana kama wiki nzima ya kazi ililipa au haikulipa. Rangi inageuka polepole kuwa njano. Mvuke hauonekani vizuri na hauna harufu ya kumfukuza mtu. Ukivutwa, takriban asilimia 80 yake inabaki mwilini, na zebaki ya namna hiyo hujikusanya zaidi kwenye figo. Mara nyingi jiko hilohilo jioni linapikiwa ugali.

Figo zikianza kuvujisha protini, mgonjwa ananijia na uso uliovimba asubuhi, miguu iliyovimba jioni, na mkojo wenye povu lisiloisha. Wengine wameshapita kwa mganga wa kienyeji. Nina vijiti vya kupimia mkojo, siku vikiwepo. Damu ya kupima kreatinini naituma hospitali ya wilaya. Kinachobaki ni kichwa changu, na kichwa changu kinajua kile tu nilichofundishwa chuoni na nilichoweza kusoma tangu hapo.

Najua nchi imepiga hatua. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo tulikuwa tunawapeleka watu India. Najivunia hayo kama Mtanzania yeyote. Lakini mgonjwa ninayemzungumzia bado yuko kwenye hatua ambayo kumwondoa karibu na lile jiko kungeweza kuokoa figo zake mwenyewe, na anayepaswa kumwambia ni mimi, au nesi wa zahanati ya jirani, wala si bingwa wa Dodoma.

Sasa nieleze tofauti inayoletwa na makala inayofunguka.

Mwaka 2013 jarida la BMC Nephrology, ambalo halimtozi msomaji chochote, lilichapisha utafiti uliofanywa Bugando, Mwanza, kwa wagonjwa 369 wa kisukari wanaohudhuria kliniki. Asilimia 83.7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na hakuna aliyekuwa akijua. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, na ndiko wanakopelekwa ndugu zetu wa Shinyanga, Geita na Simiyu. Niliisoma yote kwenye simu, pamoja na majedwali. Tangu siku hiyo mgonjwa wa kisukari kituoni kwangu hapimwi sukari peke yake: kijiti cha mkojo kinatoka hata kama hana malalamiko. Hakuna semina iliyonileta hapo wala posho niliyopewa.

Makala nyingine ilitoka PLOS ONE mwaka 2015, kutoka Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walipima watu majumbani wakakuta asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo, mjini wakiwa wengi kuliko vijijini. Kilichonikosesha usingizi ni sentensi nyingine humo ndani: karibu nusu ya waliokutwa nao hawakuwa na kisukari, wala presha, wala virusi vya UKIMWI. Moshi hawachomi dhahabu, kwa hiyo siwezi kuchukua jibu la kule nikalibandika huku. Ila nachukua swali. Ikiwa kule nusu haielezeki kwa magonjwa yale matatu, huku kwenye zebaki na aseniki tunapaswa kuuliza nini cha ziada? Swali kama hilo huzaliwa na kusoma makala nzima, hadi kwenye majadiliano na mapungufu waliyoyakiri waandishi. Ikisiri ya mistari kumi haimpi mtu nafasi hiyo.

Ya tatu inawahusu wajawazito. Dkt. Elias Nyanza wa chuo kikuu cha CUHAS, Mwanza, na wenzake walichapisha mwaka 2014, kwenye BMC Pregnancy and Childbirth, utafiti wa ulaji wa udongo katika maeneo ya wachimbaji wadogo, wilayani Geita. Wajawazito 340, na asilimia 45.6 walikuwa wakila udongo. Wakapima udongo wenyewe, wakakuta madini na metali za kila namna, aseniki ikiwemo. Mnazijua zile pemba za udongo zinazopangwa sokoni kwenye sinia, karibu na karanga na ubuyu, mama anachagua kama anayechagua pipi? Kumwambia mjamzito aache pemba kwa kuwa ni uchafu ni kazi bure, ameshaambiwa na mama mkwe. Kumwambia kwamba udongo unaouzwa hapahapa Geita umepimwa, na humo kimekutwa hiki na hiki, hilo analisikiliza.

Na makala zilizofungwa?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, lilikuwa na mradi wa kimataifa wa zebaki, na moja ya maeneo yake lilikuwa Rwamagasa, huku Geita, jina ambalo wenyeji wengi wanaliandika Lwamgasa. Watu 180 wa pale walipimwa mkojo, damu na nywele, wakachunguzwa mwili, na protini kwenye mkojo ilikuwa miongoni mwa alama zilizotazamwa. Baadhi ya wachomaji walikutwa na sumu sugu ya zebaki. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010 na jarida la Science of the Total Environment, mali ya kampuni ya Elsevier ya Uholanzi, ambalo huuzwa kwa usajili. Kwenye majarida ya aina hii, asiye na usajili hutakiwa kulipa dola 30 hadi 40 kwa makala moja, yaani zaidi ya shilingi elfu sabini. Dkt. Nyanza huyohuyo na wenzake walipima zebaki na aseniki kwenye maji, udongo na mihogo katika jamii yenye historia ndefu ya uchimbaji dhahabu. Hiyo nayo ilitoka mwaka 2014, ila kwenye jarida la Springer la kulipia. Mwaka mmoja, mtafiti mmoja, ukanda mmoja. Habari za udongo anaokula mjamzito ninazo kiganjani, na habari za muhogo tunaokula sote nimeishia kwenye ikisiri.

Simlaumu mtafiti, maana anachapisha mahali anapokubaliwa, na chuoni anapandishwa daraja kwa jina la jarida, si kwa idadi ya matabibu waliomsoma. Nimewahi kumwandikia mtafiti mmoja barua pepe nikaletewa nakala siku hiyohiyo. Wengi ni watu wema. Lakini huduma ya afya haiwezi kutegemea wema wa mtu kujibu barua pepe. Njia za panya nazo zipo, na hakuna mwanafunzi wa udaktari asiyezijua, ila sidhani kama Serikali inapenda tufike huko kwa ajili ya habari za mkojo wetu wenyewe.

Mtaniambia kuna Hinari. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani na wachapishaji waliianzisha mwaka 2002, na taasisi za nchi kama yetu zinasoma maelfu ya majarida bila malipo. Ninaiheshimu. Tatizo ni kwamba inafunguliwa kwa taasisi iliyosajiliwa, yenye mtu wa kutunza nywila. Chuo kina mkutubi. Kituo changu kina mhudumu mmoja wa mapokezi ambaye pia anatunza funguo za stoo.

Inachekesha na kusikitisha ukilinganisha na upande wa pili wa biashara hiihii. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, mchimbaji wa Geita anajua bei ya gramu ya dhahabu kabla hajatoka nyumbani, na akitaka anatazama kwenye simu soko la dunia limeamkaje. Hakuna anayemtoza dola 35 kwa taarifa hiyo. Kilichomo kwenye figo zake ndicho kinachouzwa.

Acha nitoe mfano wa zamani, kutoka kwa jirani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kwenye British Medical Journal kuhusu wagonjwa 60, watu wazima, ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini hadi miili kuvimba. Kati yao 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Makala hiyo ina zaidi ya nusu karne na inafunguka bure, kwa sababu jarida lile liliingiza kumbukumbu zake za miaka mingi kwenye hifadhi ya PubMed Central. Niliisoma nikiwa natafuta jambo jingine. Baadaye akaja mama aliyevimba ambaye hajawahi kukanyaga mwaloni, mumewe ni fundi cherehani. Kwa mara ya kwanza nilijua swali la kuuliza: mama, usoni unapaka nini? Akatoa kikopo kwenye mkoba.

Hoja ya gharama naijua na ni nzito. Uchapishaji huria kwenye majarida makubwa umehamisha bili kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Dola 2,000 na zaidi kwa makala moja ni kawaida, na hiyo ni kama shilingi milioni tano. Zamani watafiti wetu walikuwa wakisamehewa kwa kuwa nchi ilikuwa kundi la kipato cha chini. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia, na kwa baadhi ya wachapishaji msamaha ukageuka punguzo. Kumlazimisha mtafiti wa Mwanza alipe hiyo ada ni kumfunga yeye mdomo ili mimi nifunguliwe macho, na hilo siliombi.

Kinachoombwa ni cha bei nafuu zaidi. Wachapishaji wengi wakubwa, Elsevier wakiwemo, wanamruhusu mwandishi kuweka kwenye hifadhi ya chuo chake nakala iliyokubaliwa baada ya kuhakikiwa, ile ambayo haijapambwa kwa nembo ya jarida. Kwa kawaida hutakiwa asubiri miezi 12 hadi 24. Ni muda mrefu, lakini Rwamagasa imesubiri zaidi. MUHAS na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hifadhi za kidijiti tayari. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo haitumiki, kwa sababu hakuna anayemdai mtafiti. Ninyi mnaweza kumdai. Wamarekani walianza kudai mwaka 2008: utafiti uliofadhiliwa na taasisi yao ya taifa ya afya, NIH, uingie PubMed Central ndani ya miezi 12. Tangu Julai 2025 hata hiyo miezi 12 wameifuta. Wanadai kwa sababu fedha ni zao. Sisi tumetoa mkojo na damu, na kibali. Naona na sisi tuna haki ya kudai.

Tena mna jarida lenu wenyewe, Tanzania Journal of Health Research, na makala zake zinapatikana kupitia AJOL, ile maktaba ya majarida ya Afrika. Kuna pia jarida la wataalamu wa figo wa bara hili, African Journal of Nephrology, linalosomwa bure. Yakipewa uzito kwenye kupandisha watu vyeo, makala nzuri zitakuja zenyewe. Hilo najua linahitaji ninyi, vyuo na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) mkae meza moja, nami sitajifanya najua vikao hivyo vinavyokwenda.

Nirudi kwenye ule ukurasa mmoja wa Kiswahili, maana makala inaweza kuwa wazi kwa dunia nzima ikabaki fumbo kwa aliyetoa sampuli. Ukurasa huo usiwe tafsiri ya ikisiri. Useme: tulikuja kijijini kwenu mwaka fulani, tukapima kitu hiki, tukakuta hiki, hatujui hiki, na kwa sasa tunashauri hivi. Ubandikwe kituoni na ofisi ya kijiji. Usomwe kwenye mkutano wa hadhara, na mtafiti akiweza awepo, aulizwe maswali. Najua kuna hofu ya pande zote. Mchimbaji anaogopa kwamba akikutwa na zebaki mwilini, kesho mwalo utafungwa na keshokutwa atahamishwa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana nataka matokeo yamfikie yeye kwanza, kwa lugha yake, pamoja na njia ya kupunguza madhara. Vyombo vya kuchomea vilivyofungwa, vinavyorudisha mvuke kuwa zebaki tena, vipo na havihitaji kiwanda. Asipofikiwa na makala atafikiwa na uvumi, na uvumi wa huku kwetu unasema maziwa yanasafisha zebaki tumboni.

Ieleweke pia kwamba kufungua makala si kufungua mafaili ya wagonjwa. Vijiji vyetu ni vidogo. Ukiandika umri wa mwanamke na kazi yake karashani, watu watamtaja kwa jina kabla ya jua kuzama. Hapo kamati yenu ya maadili iendelee kuwa kali, hata zaidi ya sasa.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la kisheria. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Oktoba 2013 na ukaanza kutumika Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Ibara yake ya 17 inasema kwamba, kwa madhumuni ya mkataba huo, taarifa kuhusu afya na usalama wa binadamu na mazingira hazitahesabiwa kuwa siri. Sijui mwanasheria atausomaje mstari huo mbele ya ukuta wa malipo wa kampuni ya Uholanzi. Mimi tabibu nausoma hivi: kama si siri, nionyesheni.

Napendekeza muanze na eneo moja, tafiti za zebaki, aseniki na figo katika mikoa ya Geita na Shinyanga, zile zilizokwisha kuchapishwa na zile zenye kibali sasa. Kituo chenu cha Mwanza kiwaandikie waandishi mmoja mmoja kuomba nakala zilizokubaliwa. Wengi watatoa. Wasiojibu watajwe kwenye orodha. Kazi hiyo inamhitaji mtu mmoja, kompyuta na miezi michache. Mkihitaji meza, ya kwangu ipo, ni ileile waliyotumia watafiti.

Naomba majibu kwa maandishi.

Wako katika huduma,
Tabibu, kituo cha afya, ukanda wa dhahabu.

Nakala kwa:
Mganga Mkuu wa Mkoa, Geita.
Mganga Mkuu wa Mkoa, Shinyanga.
Mkurugenzi Mkuu, COSTECH.
Mhariri, Tanzania Journal of Health Research.
Mwenyekiti wa kijiji, kwa ajili ya kubandika.